Kila Kinachosemwa Chumbani

Sehemu ya tisa

Kidole cha Domina bado kiko juu ya kitufe chekundu, msomaji wangu, pale pale ulipokiacha Jumamosi iliyopita. Akikibonyeza, simu inakatika. Asipokibonyeza, anamtia mdogo wake matatani.

Kwa wewe unayejiunga leo, Domina ni mkalimani wa simu. Anakaa Gaithersburg, kwenye chumba cha chini cha nyumba yake, hedifoni kichwani, na hospitali zinampigia zikipata mgonjwa asiyejua Kiingereza. Hataji jina, anataja namba: 318. Ameapa kutafsiri kila kinachosemwa chumbani, bila kuongeza wala kupunguza. Ameapa pia kwamba simu ikikatika hatamsimulia mtu, hadi aingie kaburini.

Na kuna kanuni ya tatu, hiyo ndiyo inayomtoa jasho sasa hivi. Ukimjua mtu wa upande wa pili, sema na ujitoe.

Simu ya Jumanne hii ya Februari imetoka kliniki moja ya Silver Spring. Nesi anaitwa Adjoa. Mgonjwa ni mwanamke mjamzito, amekuja na mume anayemsemea kila kitu. Mume alipofungua mdomo tu, Domina akamtambua. Ni Anatoli, mdogo wake wa tumbo moja, mtoto aliyembeba mgongoni kule Bukoba kabla hajajua kutembea. Mgonjwa ni Leokadia, wifi yake.

Ajitoe? Mkalimani mwingine atapatikana baada ya dakika kumi. Dakika kumi zinamtosha Anatoli kumvuta mkewe hadi kwenye gari.

"Mkalimani, bado upo?" Adjoa akauliza.

Kidole kikaondoka kwenye kitufe.

"Nipo. Tuendelee."

Sauti ya kazini siyo ya nyumbani. Domina akiwa kazini huongea taratibu, kikavu, neno baada ya neno. Anatoli hakumtambua.

"Mwambie nesi sisi tumeshaamua," akasema. "Mke wangu anataka kuitoa. Watuletee hizo form tu-sign, tuondoke."

Domina akatafsiri.

"Nimesikia anachotaka mume," Adjoa akasema. "Leokadia, wewe mwenyewe unataka nini?"

Domina akauliza kwa Kiswahili. Leokadia akavuta pumzi. Kabla hajaitoa, mumewe akadakia.

"Si nimeshasema? Anataka kuitoa."

"Kipimo cha leo asubuhi kinaonyesha wiki kumi na sita," nesi akasema.

Hapo Domina akahesabu miezi kurudi nyuma. Mwezi mzima amesikia manung'uniko ya Anatoli. Alisafiri Desemba kwenda kumalizia msiba wa baba yao, akarudi katikati ya Januari, akamkuta mkewe anatapika. Tangu siku hiyo hakuna amani nyumba ile: mimba ya nani? Sasa wiki kumi na sita zinaanzia kabla hajapanda ndege. Mimba ni yake mwenyewe, mpumbavu yule.

Domina akatafsiri namba ile polepole, ili iingie vizuri.

Ulidhani Anatoli angepiga magoti amwombe mkewe msamaha? Hata mimi ninayeandika nilitaka apige magoti.

"Mashine zao zinakosea," akasema. "Tu-sign wapi?"

"Sasa naomba mume atoke nje," Adjoa akasema. "Hapa tunazungumza na kila mwanamke peke yake. Hatumfanyii kitu mtu aliyelazimishwa."

Kiti kikaburuzwa. Halafu Domina akasikia mnong'ono, karibu kabisa na simu.

"Leokadia, nikitoka hapa ukasema hapana, nitakupiga mateke ya tumbo mpaka itoke yenyewe. Hapo hapo parking. Umenisikia?"

Kisha sauti ikalainika, ikawa ya mwenyekiti wa jumuiya anayekaribisha wageni.

"Na wewe dada yangu wa kwenye simu, shikamoo. Wewe ni mtu wa kwetu. Hayo ya mwisho usiyatafsiri. Tusitiriane."

Huo ndio ujinga wetu. Tukisikia Kiswahili ndani ya ofisi ya Wazungu tunadhani tumefika kwa mjomba, tunavua viatu, tunaongea chochote.

Mkalimani hasemi "amesema hivi, amesema vile." Anasema "mimi". Kwa hiyo Domina, kwa Kiingereza, kwa mdomo wake mwenyewe, akasema: nitakupiga mateke ya tumbo mpaka itoke yenyewe. Hakuruka neno. Akaendelea na shikamoo, na mtu wa kwetu, na usiyatafsiri, na tusitiriane.

Neno la mwisho lilimtoka kwa sauti ya nyumbani, na Anatoli akaisikia.

"Dada Domina?" Anatoli akasema.

Kanuni ni kanuni. Domina akalitafsiri na hilo.

"Domina ni nani?" Adjoa akauliza.

"Mkalimani," Domina akajibu. "Mkalimani anaitwa Domina."

Kilichofuata hakikuwa na maneno ya kutafsiri. Lilikuwa kofi, halafu meza, halafu kelele ya Leokadia. Adjoa alikuwa anamwita mlinzi. Simu ikaanguka sakafuni, ikakatika.

* * *

Domina alipanda ngazi hadi jikoni akiwa na hedifoni shingoni, waya wake unaning'inia. Maharage yalikuwa yanachemka jikoni. Alisimama mbele ya sufuria asijue la kufanya na mikono yake.

Kilichokuwa kinamtafuna ni simu nyingine, ya wiki iliyopita.

Shiku alimpigia, Mkenya mmoja anayefanya kazi kwenye ofisi ya mbunge wa jimbo kule Annapolis. Kuna muswada, Shiku alisema. Unataka kitendo cha kumlazimisha mwanamke atoe mimba, kwa kipigo, kwa vitisho au kwa kumtilia dawa bila yeye kujua, kiwe jinai yenye kifungu chake. Wanatafuta mwanamke wa jamii ya Waswahili aje aongee dakika mbili mbele ya wabunge.

"Isije ikamshika mwanamke mwenyewe," Domina alisema.

"Zii, inashika yule ana-m-force. Mwanamke haguswi. Sasa utakuja?"

Domina alicheka. Ndiyo, alicheka! "Shiku, kwetu mambo hayo hayapo. Sisi watoto tunawataka."

"Haya basi. Lakini ukiskia story yoyote, nishow. Ni Thursday ya wiki ijayo."

Alhamisi hiyo ni keshokutwa.

Nusu saa baadaye breki zikalia nje. Domina akachungulia dirishani. Anatoli alikuwa anashuka kwenye gari, anazunguka upande wa pili, anamtoa Leokadia kwa kumshika nywele. Mguu mmoja wa Leokadia ulikuwa na kiatu. Mwingine ulikuwa unakanyaga theluji na soksi.

Kumbe mlinzi wa kliniki alifika mlangoni, wao wakiwa wameshateremka ngazi za nyuma. Polisi walikuwa wanakwenda kumtafuta nyumbani kwake. Nani angefikiria kwamba angepanda barabara kuu ya I-270 aje kwa dada yake?

Tena alikuwa na ufunguo. Domina mwenyewe alimpa.

Akapiga 911, namba ya polisi. Mwanamke wa kazi ile anajua la kuomba. Akataja anwani yake, kisha akasema haraka kwa Kiingereza: "Mwanaume mkali anaingia ndani. Nileteeni mkalimani wa Kiswahili kwenye laini, msikate, msiniulize kitu." Akaisukuma simu ndani ya kikapu cha mkate na kuifunika kitambaa.

Mlango ukafunguka.

"Shikamoo dada," Anatoli akasema.

Alikuwa anatabasamu. Akamkalisha Leokadia kwenye kiti kwa kumsukuma mabega, kama mtu anayebandika kitu ukutani. Akavuta kiti chake, akakaa, akauliza kama chai ipo.

"Wifi," Domina akasema, "umeumia wapi?"

"Usiongee na yeye, ongea na mimi." Anatoli akakunja mikono ya shati. "Dada, umeniaibisha mbele ya watu. Lakini wewe ni mkubwa wangu, nimekusamehe. Sasa utapiga simu kliniki. Utasema ulikosea kutafsiri. Utasema, sorry, ile sentensi haikuwa hivyo. Basi, story imeisha."

"Sijakosea."

"Najua hujakosea! Nakwambia useme umekosea!"

Domina akamtazama mdogo wake, na moyo ukamuuma kweli kweli, maana alikuwa anampenda.

"Anatoli, unajua mimi nimeapa? Simu ikikatika, kilichosemwa hakiruhusiwi kutoka kwangu. Si kwa polisi, si kwa mama, si kwa padri. Nesi angesema alichosikia, lakini mimi ningekaa kimya mpaka nife. Ungekwenda zako nyumbani, dada yako asingekuwa na mdomo wa kukushitaki."

Anatoli akacheka. "Basi si vizuri? Kaa kimya hivyo hivyo."

"Mimba ni yako. Umesikia wiki zenyewe."

"Yangu, siyo yangu, nimesema inatoka! Kila mtu kwenye kwaya amehesabu miezi. Niwaambie nini, kwamba nilikosea? Ndiyo, nimemwambia nitampiga mateke mpaka itoke. Ni mke wangu. Nitampiga leo, nitampiga kesho, itatoka tu. So what?"

"Hata ingekuwa ya jirani," Domina akasema, "tumbo ni lake."

Ndipo kikapu cha mkate kikaongea.

Katika haraka yake Domina alikuwa amegusa kitufe cha spika. Kutoka chini ya kitambaa ikaja sauti ya mwanaume, ya Kiingereza chenye lafudhi ya Kikongo, tulivu, ikimfuata Anatoli sentensi moja nyuma. Ilikuwa inasema: nitampiga leo, nitampiga kesho, itatoka tu.

Anatoli akageuka. "Nani huyo anaongea?"

"Nani huyo anaongea?" kikapu kikasema kwa Kiingereza.

Akakivuta kitambaa. Akaiona simu, akaona namba tatu zile kwenye kioo. Akaipiga ukutani ikapasuka.

"Kule kliniki nilifungwa mdomo," Domina akasema. "Sasa umeyasema jikoni kwangu. Hapa sijaapa chochote."

Ngumi ya kwanza ilimpata mdomoni. Ya pili ilimwangusha kwenye kabati, vikombe vikamwagika juu yake. Anatoli akauona waya wa hedifoni, akauzungusha shingoni mwa dada yake, akavuta.

"Si unajua kuongea? Ongea! Tafsiri na hii!"

Domina alikwaruza waya mpaka kucha zikavunjika. Miguu yake ilipiga sakafu. Ndani ya koo kitu kililia, kikavunjika, na jiko likaanza kuwa jeusi pembeni.

Leokadia alisimama.

Msomaji mmoja wa Landover aliniandikia wiki jana kwamba nimemchora Leokadia mnyonge mno, kila sehemu analia tu. Haya, soma mwenyewe.

Alishika sufuria ya maharage kwa mikono mitupu. Iliunguza viganja vyake na hakuiachia. Alimwagia mumewe yote, kuanzia kisogoni hadi kiunoni.

Anatoli alipiga yowe lililowatoa majirani nje. Waya ukalegea. Akageuka, ngozi ya shingo ikiwa nyekundu, akamwona mkewe amesimama na sufuria tupu.

"Wewe?"

Akarusha teke. Lilimpata Leokadia pale pale alipoahidi kulipiga.

Leokadia hakulia. Alijikunja akashuka chini polepole, mikono yote miwili tumboni. Anatoli akarudisha mguu nyuma kwa teke la pili.

Halikufika. Domina, akiwa bado chini, damu puani, alikuwa ameshika kikaango cha chuma kilichoanguka kabatini. Alikipiga kwenye goti la ule mguu uliosimama. Sauti ya goti ilisikika. Anatoli akaenda chini, na Domina akampiga tena, begani, na tena, mkononi, na alipoinua kikaango ampige kichwani, mikono miwili ya polisi ikamdaka kwa nyuma.

"Ma'am! Ma'am! Kiachie!"

Alitaka kuwaambia mimi siyo adui, adui ni yule. Akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Ulitoka upepo tu.

Anatoli, amelala kifudifudi, pingu mgongoni, akaanza kusema haraka haraka kwa Kiingereza kizuri. Wanawake hawa wamechanganyikiwa. Wamenimwagia maji ya moto. Mke wangu ana wivu, dada yangu ana matatizo ya akili. Alisema vizuri sana. Yule polisi kijana akaanza kumtazama Domina kwa jicho lingine.

Polisi mwenzake, mtu mzima, akagusa redio begani. "Sir," akamwambia Anatoli, "tulikuwa tunakusikiliza njia nzima. Kwa lugha zote mbili."

* * *

Hospitalini walimfunga Domina kola ya shingo na kumkataza kuongea. Agizo lenyewe la kuchekesha, maana sauti hakuwa nayo. Walimwambia huenda itarudi. Huenda isirudi kama zamani.

Simu ya hospitali aliyoazimwa ilifungua ujumbe wake wote. Kumi na mmoja ulikuwa wa wanajumuiya. Dada, pole. Dada, hayo ni mambo ya ndani, tuyamalize ndani. Dada, Anatoli ndiye anayetupigia kinanda Jumapili, umemfikiria?

Hakujibu hata mmoja.

Mpelelezi alikaa pembeni ya kitanda. Alikuwa mwanamke mchovu mwenye kalamu iliyotafunwa.

"Kumkaba dada kuna kifungu," akasema. "Kumpiga mke kuna kifungu, na vitisho pia. Lakini hili la kumlazimisha aitoe mimba, hapa kwetu halina kifungu chenye jina lake. Kuna majimbo yameshatunga sheria. Sisi tuna muswada tu, unasikilizwa Alhamisi. Hata ukipita hautamgusa mdogo wako. Utamgusa wa baada yake."

Domina akachukua simu. Vidole vyenye kucha zilizovunjika vilikuwa vimefungwa bandeji, akaandika kwa kidole kimoja.

*Shiku, nilikudanganya. Kwetu yapo. Niweke Alhamisi.*

Jibu lilikuja papo hapo. *Aki Domina! Umeskia kwa nani?*

*Jikoni kwangu.*

*Piga tuongee.*

*Sina sauti. Wifi akipenda ataongea mwenyewe. Mimi nitasimama naye.*

Alipoandika "akipenda" alitua. Ndiyo, akipenda. Hilo neno lilikuwa halijatumika hata mara moja tangu asubuhi.

Upande wa pili wa pazia, nesi akapiga kelele akimwita daktari.

Domina akavuta pazia kwa nguvu. Leokadia alikuwa ameinuka kidogo ili wambadilishie shuka. Shuka lililokuwa chini yake lilikuwa jekundu kuanzia katikati hadi pembeni.

Wakajaa chumbani. Mmoja akashika mkono wa Leokadia kutafuta mshipa, mwingine akaweka simu ya spika juu ya meza. Ikaita mara mbili.

"Mkalimani namba 502, Kiswahili," ikasema sauti ya mwanamke, msichana tu. "Nitatafsiri kila kinachosemwa chumbani."

Domina alifumba macho. Mara ngapi ameisema sentensi hiyo na kunywa chai juu yake?

"Leokadia," daktari akasema, na 502 akamfuata, "unatoka damu. Tunaweza kujaribu kumshikilia mtoto, lakini kuna hatari kwako. Nataka nisikie kutoka kwako, si kwa mtu mwingine yeyote. Wewe mwenyewe unataka nini?"

Leokadia akatazama mlangoni, kwa mazoea. Hapakuwa na mtu mlangoni. Akamtazama wifi yake. Domina akatikisa kichwa kadiri kola ilivyomruhusu: sisemi, hata ningekuwa na sauti nisingesema.

"Namtaka," Leokadia akasema.

Kisha akainua shingo kutoka kwenye mto, akaielekea ile simu mezani, akasema tena kwa nguvu.

"Namtaka mwanangu. Na siku ambayo ningekuwa simtaki, ningesema mimi. Litafsiri na hilo, mdogo wangu."

"Namtaka mwanangu," 502 akasema kwa Kiingereza. Sauti yake ya kazini ilikuwa imepasuka katikati. "Na siku ambayo ningekuwa simtaki, ningesema mimi. Litafsiri na hilo, mdogo wangu."

Daktari akamimina jeli tumboni, juu ya alama ya kiatu iliyoanza kuwa nyeusi. Akaweka kipimo cha kusikilizia mapigo. Kikakwaruza. Akakisogeza kushoto, kikakwaruza. Akakisogeza chini.

Nesi aliacha kufungua pakiti. Mpelelezi alikuwa amesimama penye pazia, kalamu mdomoni. Leokadia alikuwa amemshika Domina mkono ule wenye bandeji, anaubana, na Domina hakuutoa.

Daktari akasogeza kipimo kulia.

Na pale mezani, namba 502 alikuwa bado kwenye laini, anasubiri kama wengine. Hakusema neno, maana chumba kizima hapakuwa na aliyesema kitu.

Itaendelea Jumamosi ijayo.